Miguu Imeshajua Kazi, Sasa Tia Roho: Mwongozo wa Kucheza Baleti kwa Hisia

Mwanafunzi amefanya mazoezi miaka na miaka. Magoti yamenyooka, mizunguko inaisha bila kuyumba, mikono iko mahali pake. Anapanda jukwaani, anacheza kila alichofundishwa, watu wanampigia makofi ya heshima, na wakifika nyumbani wameshamsahau. Walimu wengi wakiona hivyo wana dawa moja tu: "Tabasamu! Onyesha hisia!" Mtoto anatabasamu. Sasa tuna miguu mizuri na tabasamu lililoganda, na bado hakuna lililosemwa. Ni kama mtu anayesoma kwa sauti barua iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua: matamshi safi, maana hamna.

Mimi naamini kwa dhati kwamba hisia katika baleti hazianzii usoni. Zinaanzia kwenye mambo manne ambayo unaweza kuyafanyia mazoezi kila siku, kama unavyofanya plie, yaani kukunja magoti: unataka nini, unapumua wapi, unatazama wapi, na wapi unawahi au kuchelewa. Hayo yakikaa sawa, uso hufuata wenyewe.

Sehemu kubwa ya mwongozo huu nitaipitisha ndani ya kazi moja, Giselle. Ilichezwa kwa mara ya kwanza Paris tarehe 28 Juni 1841, muziki ukiwa wa Adolphe Adam, hatua za Jean Coralli na Jules Perrot, na Giselle wa kwanza akiwa Carlotta Grisi. Kisa chenyewe si kirefu. Binti wa kijijini mwenye moyo dhaifu anampenda kijana anayejiita Loys. Kumbe ni Albrecht, mwana wa kikabaila aliyebadili mavazi, na tayari ana mchumba wa tabaka lake. Hilarion, mlinzi wa msitu anayempenda Giselle bila kupendwa, anaitoboa siri. Giselle anarukwa na akili, anakufa. Sehemu ya pili anatokea akiwa mzimu kati ya Wili, mabinti waliokufa kabla ya kuolewa, ambao usiku huwalazimisha wanaume kucheza mpaka wafe. Naye, badala ya kulipiza kisasi, anamkinga Albrecht mpaka kunakucha.

Hatua ya 1: Jua mhusika anataka nini

Ukiambiwa "cheza huzuni" utakunja uso, na basi. Ukiambiwa "unataka asiondoke" mwili mzima unapata kazi ya kufanya.

Tazama lile tukio la ua katika sehemu ya kwanza. Giselle anachuma deizi na kung'oa petali moja moja: ananipenda, hanipendi. Katikati anazihesabu kwa macho, anaona jibu litakuwa baya, analitupa ua. Albrecht analiokota, anachomoa petali moja kwa siri, kisha anamwonyesha kwamba jibu ni "ananipenda". Mchezaji anayelicheza tukio hili kwa kusikitika tangu petali ya kwanza ameshalimaliza kabla halijaanza. Anayelicheza akitaka kujua, mkono wake utakwenda mbio mwanzoni, halafu utasita zikibaki petali chache, kwa sababu macho yameshatangulia kuhesabu. Kusita huko ndiko watu wa safu ya nyuma wanakuona, hata kama petali zenyewe hawazioni.

Kwa hiyo chukua daftari. Kwa kila fungu la muziki, andika sentensi moja inayoanza na "nataka". Nataka anitazame. Nataka mama asinione nikicheza. Nataka anishike mkono, lakini nisionekane nataka. Ukikosa la kuandika kwa fungu fulani, hapo ndipo dansi yako imekufa. Rudi upaangalie vizuri.

Hatua ya 2: Sikiliza muziki ukiwa umekaa

Wacheza baleti tunapenda kuhesabu mpaka nane. Hesabu inasaidia kundi liende pamoja, lakini haikuambii kwa nini unasogea. Kaa chini, usitikisike, sikiliza muziki wako. Mara ya kwanza fuata wapi sauti inapanda na wapi inashuka. Mara ya pili tafuta chombo kinachoongoza: filimbi haitaki mkono uleule unaotakiwa na selo, ile fidla kubwa ya sauti nzito. Mara ya tatu tafuta vituo vya kimya. Halafu imba, hata kama sauti yako haipendezi. Mahali utakapolazimika kuvuta pumzi ili uendelee kuimba ndipo, mara nyingi, na mwili nao unapotaka kupumua.

Adam aliweka jambo ndani ya Giselle ambalo mchezaji asiyesikiliza hulikosa kabisa: muziki wa tukio la ua unarudi baadaye, wakati wa kichaa, ukiwa umekatikakatika. Okestra inakumbuka pamoja na binti. Ukilijua hilo, mwanzoni utaucheza muziki ule ukiutunza, maana unajua utakuja kuhitajika.

Hatua ya 3: Panga pumzi kama unavyopanga hatua

Fanya jaribio hili leo. Simama, inua mkono mmoja kutoka chini mpaka juu ya kichwa, kwa mwendo uleule, mara tatu. Mara ya kwanza vuta pumzi kidogo kabla mkono haujaondoka. Mara ya pili ushushe pumzi huku mkono ukipanda. Mara ya tatu izuie kabisa. Mwombe mwenzako atazame bila kumwambia unafanya nini. Mkono wa kwanza utaonekana unatamani kitu. Wa pili umekata tamaa, au umekubali. Wa tatu una hofu. Hatua ni ile ile, na uso hukuugusa.

Kosa linaloenea kuliko yote ni kuzuia pumzi kwenye kusimama kwa mguu mmoja na kwenye pirueti, ule mzunguko wa mguu mmoja. Shingo inakaza, mabega yanapanda, na hata mtu asiyejua lolote kuhusu baleti anaona kuna kitu kimejifunga. Anza kurekebisha mapema, kwenye mazoezi ya kushikilia bomba la ukutani: vuta pumzi mkono unapofunguka, shusha unapokwenda chini kwenye plie. Fanya hivyo mpaka usilazimike kukumbuka. Kwenye adajio, yaani dansi ya mwendo wa polepole, weka alama za pumzi katika daftari lako kando ya zile sentensi za "nataka".

Hatua ya 4: Macho yafike kabla ya mwili

Mtu halisi huona kwanza, halafu hugeuka. Mcheza baleti aliyefundishwa kwa kioo hugeuka kwanza, halafu hujitazama. Hilo peke yake linatosha kuua tukio zima la mapenzi.

Geuzia kioo mgongo, au kifunike kwa shuka siku mbili tatu kila wiki. Wale watoto wa Kibera, Nairobi, waliojifunza baleti ndani ya darasa la shule, madawati yakisukumwa pembeni, bila kioo wala bomba, walikosa vitu vingi muhimu. Lakini macho yao hayakuzoea kujitafuta ukutani, na hiyo ni faida ambayo mwanafunzi wa studio ya kifahari analazimika kuitafuta kwa juhudi.

Zoezi lenyewe: kabla ya kila arabeski, yaani kusimama kwa mguu mmoja huku mwingine umenyooshwa nyuma, chagua mahali halisi ukumbini. Si "mbele" wala "kule". Chagua taa ya tatu, kitasa cha mlango, kona ya dirisha. Weka mtu pale. Macho yaende kwake, kichwa kifuate, kisha kifua, mkono uje mwisho. Ukizoea mpangilio huo, arabeski inaacha kuwa picha na inakuwa kumwita mtu. Na unapotaka kuonyesha kwamba mhusika anaficha jambo, pindua mpangilio: mkono uende, macho yabaki nyuma.

Hatua ya 5: Mgongo na mikono

Agrippina Vaganova, mwalimu wa baleti wa Urusi ambaye kitabu chake cha misingi ya baleti kilitoka mwaka 1934, alitilia mkazo mkubwa mgongo na mikono kufanya kazi pamoja na miguu, na bado naona ndipo wengi tunapokosea. Mkono unaoanzia begani ni pambo tu. Mkono unaoanzia katikati ya mgongo, chini ya mifupa ya mabega, una neno la kusema.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni dansi fupi ya kufa kwa bata-maji, ambayo Mikhail Fokine alimtungia Anna Pavlova mwanzoni mwa karne ya 20 kwa muziki wa selo wa Saint-Saëns. Ni dakika chache tu. Miguu karibu muda wote inafanya kitu kimoja, vile vihatua vidogo vya haraka juu ya ncha za vidole. Hakuna miruko ya kushangaza wala mizunguko ya kuhesabiwa. Kila kitu kiko kwenye mgongo, shingo, viwiko na vifundo vya mikono. Na wanaoicheza vibaya hukosea palepale: wanaanza kufa sekunde ya kwanza. Ndege anataka kuruka. Anapambana mpaka mwisho, na kushindwa kwake kunatuuma kwa sababu tumeona alivyojaribu.

Zoezi: kaa kwenye stuli, miguu imetulia, cheza dansi yako nzima kwa kiwiliwili na mikono peke yake. Kama aliyekaa mbele yako haelewi kinachoendelea, miguu haitakuokoa.

Hatua ya 6: Wahi, chelewa, tulia

Mwaka 1956 kampuni ya baleti ya Bolshoi, ya Moscow, ilikwenda London kwa mara ya kwanza, na Galina Ulanova akacheza Juliet katika Romeo na Juliet. Alikuwa na umri wa miaka 46, akimcheza msichana ambaye kwa Shakespeare hajatimiza 14. Walioona hawakuacha kumzungumzia, na jambo linalotajwa mara kwa mara ni jinsi alivyokimbia tu, joho likipepea nyuma yake, akienda kutafuta msaada kwa padri. Kukimbia! Hatua ambayo hata mtoto anaijua.

Na Juliet wa Kenneth MacMillan, katika baleti iliyoanza London mwaka 1965, ana tukio lililo kinyume chake kabisa. Anakaa ukingoni mwa kitanda, anatazama mbele, hafanyi lolote, huku muziki wa Prokofiev ukimpandia kama mafuriko. Kutulia kwa namna hiyo ni kazi ngumu kuliko mizunguko. Mchezaji mwoga hujaza kila mdundo kwa kitu fulani. Wewe jifunze kuacha mdundo upite.

Fanya hivi: chukua fungu moja la muziki na ulicheze ukiwa mbele kidogo ya mdundo, kisha ndani yake hasa, kisha nyuma yake kidogo. Mbele kuna shauku au wasiwasi. Nyuma kuna uchovu, ndoto, au kusitasita. Ukishazijua ladha zote tatu, amua kwa kila sentensi ya "nataka" utumie ipi. Usichelewe mpaka mpiga piano akukimbie; kucheza na muda kunahitaji muda wenyewe uujue vizuri.

Hatua ya 7: Yaweke yote pamoja kwenye kichaa cha Giselle

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu tukio hili karibu halina hatua ngumu, na ndilo linalotenganisha wachezaji.

Nywele zimefumuka. Anapita katikati ya watu waliomjua tangu utotoni na hawaoni. Muziki wa ua unarudi vipande vipande, na vidole vyake vinaanza kung'oa petali za ua lisilokuwepo. Anaokota upanga wa Albrecht, anaushika kwa upande wa ncha na kuuburuza sakafuni huku akizunguka, wanakijiji wakirudi nyuma. Halafu anajaribu kucheza tena zile hatua alizozicheza na Albrecht kwa furaha muda mfupi uliopita, nusunusu, miguu ikikumbuka na kusahau.

Anza kwa kuijua furaha. Kichaa hiki ni kumbukumbu, na huwezi kukumbuka ambacho hukukiishi. Cheza dansi ya sehemu ya kwanza kwa ukamilifu wake, mara nyingi, mpaka mwili uipende. Baadaye, unapoipitia kama mtu anayeota, punguza nguvu bila kubadilisha hatua. Mtazamaji ataitambua na kuumia mwenyewe.

Usicheze wazimu. Giselle hajui kwamba amerukwa na akili. Kwake kila kitendo kina maana: anataka kurudi pale walipokuwa kabla ya habari ile. Macho ya kutoa nje na mikono ya kutetemeka mfululizo ni uongo. Mtu anayetafuta jambo kwa utulivu mahali lisipokuwepo anatisha zaidi.

Amua upanga ni nini kwake. Je, anajua ni upanga tangu mwanzo? Au anaburuza kitu kinachong'aa, kisha ghafla macho yanaelewa? Chagua moja na ulishike. Mimi naipenda ile ya pili, maana inampa mchezaji sekunde moja safi ya kuelewa, na hapo pumzi inasimama.

Nywele zinataka maandalizi. Zibane kwa namna ambayo mkono wa mama wa Giselle unaweza kuziachia kwa kuchomoa chupio moja mbili. Fanya mazoezi nywele zikiwa wazi, kwa sababu zitaingia mdomoni na kuziba macho, na usipozizoea utaanza kuzipangusa katikati ya mauti yako.

Tena, kifo kianze mapema. Katika sehemu ya kwanza kuna pale Giselle anapocheza kupita kiasi, anashika kifua, anaishiwa nguvu, mama yake anaingiwa na hofu. Ukilipita hilo haraka, kifo kitakuja bila sababu. Kuna maonyesho ambamo Giselle anajichoma kwa upanga, na mengine ambamo moyo unamshinda. Muulize mwongozaji wako mapema ni ipi, kwa maana uzito wa ule mkono kifuani utategemea jibu lake.

Hatua ya 8: Ishara za kale ziseme

Baleti za karne ya 19 zina ishara zake: mikono ikizungushana juu ya kichwa ni kucheza, kidole kikionyesha penye pete ni ndoa, vidole viwili vikiinuliwa juu ni kiapo, ngumi zikipishana mbele ya mwili ni kifo. Wachezaji wa siku hizi huzipitia mbio kwa aibu. Fanya ishara moja kwa wakati mmoja, iache ifike, na kabla yake mtazame unayemwambia. Sema maneno yenyewe kichwani, kwa lugha unayoota nayo. Kama ni Kiswahili, sema "uliniapia" huku vidole viwili vikipanda, uone mkono unavyobadilika.

Na kama hakuna kisa?

George Balanchine alitunga Serenade mwaka 1934 kwa muziki wa Tchaikovsky. Wanawake 17 wamesimama, mkono mmoja umeinuliwa, kiganja kikiwa kama kinazuia mwanga. Hakuna anayekuambia wao ni akina nani. Hapa usibuni hadithi ndefu na kuibandika juu ya dansi. Fanya pumzi, macho na muda tu, na uwe na mtu mmoja unayemchezea, hata kama ni mwenzako wa mstari wa pili. Aliye ndani ya kundi ana wajibu uleule: wale Wili wanaovuka jukwaa kwa arabeski, mistari ikipishana, wanatisha wanapopumua kwa pumzi moja, na hawatishi hata kidogo pale kila mmoja anapojitengenezea huzuni yake binafsi.

Kwa wanaocheza wawili wawili, jambo moja: mtazame mwenzako kabla ya kumpa uzito wako. Albrecht anayetafuta kiuno cha Giselle kwa mikono huku macho yakiwa kwa watazamaji ni mbeba mizigo tu.

Uso, mwisho kabisa

Sasa jirekodi kwa simu. Tazama mara ya kwanza ukiziba kichwa chako kwa kidole kwenye skrini. Je, mwili pekee unaeleweka? Ukieleweka, tazama uso. Utakuta kazi iliyobaki ni ndogo: legeza taya, usiume midomo kwenye hatua ngumu, usiinue nyusi kwa kila muziki unaopanda. Mwombe mtu asiyejua baleti, jirani au shangazi, atazame bila sauti na akuambie alichoelewa. Usimsahihishe. Andika maneno yake daftarini kando ya zile sentensi zako, uone wapi yanakutana na wapi yanaachana.

Jilinde

Usichimbe msiba mbichi wa maisha yako ili kupata machozi jukwaani. Kidonda cha juzi hakiongozeki: kitakufurikia katikati ya pirueti, kifundo cha mguu kikiwa hakina mtu wa kukiangalia. Sentensi za "nataka" zinatosha, na faida yake ni kwamba pazia likifunga unaweza kuziacha palepale. Baada ya kucheza jukumu zito, vua vazi, nyoosha misuli, zungumza na mtu juu ya jambo jingine kabla ya kwenda kulala.

Kwa walimu wa watoto, msimdai mtoto wa miaka tisa majonzi ya mapenzi. Hayajui, na atawaigizieni ya kwenye tamthilia. Mpeni la umri wake: unamtafuta paka aliyepotea, unabeba maji yasimwagike, unamnyemelea rafiki umshtue. Atafanya macho, pumzi na muda bila kuambiwa majina yake, na akifika miaka kumi na sita atakapopewa ua la Giselle, mikono yake itakuwa imeshazoea kufanya jambo kwa sababu.